Siku ya Nyanya

Saa kumi alfajiri mjomba Canio ameshawasha moto
chini ya mapipa mawili yaliyokuwa ya dizeli.
Kreti ishirini zimepangwa uani, wekundu hadi ukutani,
na nyigu wameshapata habari.

Tumekuja wote. Mimi kutoka Stuttgart, saa kumi na sita barabarani.
Egidio kutoka Torino na mke wake mpya
aliyevaa viatu vyeupe; maskini, hakuna aliyemwambia.
Shangazi Mimma amehesabu vichwa, akapata kumi na tisa,
akahesabu tena,
kama mtu anayepapasa mfuko
na huku anajua fika ufunguo haumo.

Kila mtu na kiti chake.
Watoto waoshe. Wakubwa wapasue, wakamue mbegu kwa dole gumba.
Baba azungushe mkono wa mashine,
ile ile iliyonunuliwa mwaka niliozaliwa,
inayotema maganda huku na rojo kule
na kulia kama mbwa aliyefungiwa nje.
Mimi ni wa rihani. Jani moja kila chupa.
"Mawili," anasema Mimma. "Mama alitia mawili."
"Moja," anasema baba. "La pili lilikuwa la chupa za wageni."
Wakabishana hivyo hadi jua likapanda,
mikono yao ikifanya kazi bila wao.

Chumvi ndiyo iliyotukwamisha.
Hakuna aliyewahi kumwona akipima.
Alitia kiganja, akaonja kwa kijiko cha mti,
akatazama juu ya paa la jirani
kama anayesikiliza simu ya mbali,
kisha: "Tayari."
Mwaka huu kijiko kimezunguka midomo yote.
Imepungua. Imezidi. Iko sawa. Sawa gani?
Mke wa Egidio, ambaye viatu vyake sasa havina rangi ya kutajika,
akaonja, akatazama paa la jirani,
akasema, "Bado kidogo."
Hatukujua tucheke au tumchukie.
Mimma akaongeza kidogo.

Adhuhuri nikatumwa ghala la chini kuleta divai.
Nyuma ya madumu, chupa tisa za mwaka jana,
vumbi mabegani,
majani mawili katika kila moja,
yamegandana kama barua iliyonyeshewa.
Nyanya aliondoka Februari. Nyanya zake zingali hapa.
Nilikaa kwenye ngazi
muda mrefu kuliko divai inavyohitaji.

Baba alitaka zihifadhiwe. Canio akasema cha kuliwa kiliwe,
mama angetuchapa kwa kumfungulia makumbusho.
Tukafungua nne. Tukala tambi
juu ya milango miwili iliyong'olewa bawabani ikawa meza.
Hakuna aliyesema ni tamu.
Nives, mwenye miaka sita, alifuta sahani yake kwa mkate
hadi maua yaliyochorwa yakatokea,
kisha akahamia sahani ya baba.
Baba akamwachia.

Zimebaki tano. Hazijajadiliwa.

Usiku. Chupa mia mbili na kumi na mbili
zimelala ndani ya maji, zimeviringwa magunia na fulana kuukuu
zisigongane. Moto umeachwa ufe wenyewe.
Mkono haugusi mpaka asubuhi, ndiyo sheria.
Wenzetu wamelala kwenye magodoro, wengine garini.
Mimi na Canio tunalinda kitu kisichoibika.
Kwenye ukingo wa pipa, pembe ya gauni lake inachungulia,
lile la kulalia, la vitone vya buluu,
limechanwa vipande, linatenga chupa na chupa.
Nani alilichana, siulizi.

Kisha ndani ya maji, pu! Moja imepasuka.
Miaka yote alisema, bila kuinua macho:
"Hiyo ya shetani. Zilizobaki zetu."
Namsubiri Canio aseme.
Anachokoa makaa kwa fimbo, anayaacha, anayachokoa tena.

"Mia mbili na kumi na moja," anasema.