Mia Tano ya Nkwimba

Sato nimemmaliza, miba imelala
sahanini kama kitana cha bibi.
Bili: elfu tisa na mia tano.
Nimetoa msimbazi.
"Chenji hamna, anko. Ngoja kidogo."

Kidogo cha Kirumba ni kirefu.
Nimenawa mara mbili,
nimehesabu mawe ya mlimani,
ziwa limebadilika rangi, mimi nipo.
Mtu mzima, na kitambi,
nalinda sarafu moja kama mbwa wa getini.

Na ningempa! Haki ya Mungu ningempa.
Ila nipewe kwanza hicho cha kutoa.

Kaunta, karibu na kiwiko cha bosi,
kopo la maziwa ya unga linalia *ta!*
kila mteja anapochoka kungoja.
Nkwimba hajawahi kuliona ndani.

Huyo anarudi, jasho puani,
sarafu kaiomba kwa muuza vocha.
Ananiwekea mezani, na kijiti cha meno.
Naisukuma upande wake:
"Sasa hii ni yako."

Anatupia jicho kaunta.
Sarafu inazama kwenye pindo la kitenge,
kisha kwa sauti, mpaka jikoni wasikie:
"Karibu tena, anko!
Chenji yako si umepata?"

"Nimepata," nasema. "Yote."