Soksi za Shokapu

Leo nimepima tena kwa kamba ya kiatu:
jicho la juu hadi jicho la chini, sentimita arobaini na moja,
gari likiwa juu ya jeki, miguu ikining'inia
kama ya mtoto aliyekalishwa kiti cha wakubwa.

Eleuterio anasema, Fanya haraka, Saturnina,
Wajerumani wanne wananisubiri hotelini,
wameshakunywa chai ya koka, wameshalalamikia vichwa.
Wakae, namwambia. Uyuni haihami.
Chumvi ililala pale kabla ya bibi zetu.

Piga magoti kwanza, uone.
Hii fimbo ya chuma inayong'aa,
laini kuliko kioo cha kinyozi,
ndiyo inayoingia na kutoka, kuingia na kutoka,
toka hapa mpaka Laguna Colorada.
Na huu mpira shingoni mwake, hii sili,
isiyozidi unene wa ukucha,
ndiyo pekee inayosema: mafuta, ndani; vumbi, nje.
Mlinzi mmoja. Zamu haiishi.

Chembe moja ya mchanga haiui shokapu.
Inakwaruza tu, mstari mwembamba kama unywele.
Ya pili inaufuata mstari wa kwanza.
Wanasema haba na haba hujaza kibaba;
hawasemi kwamba haba na haba hutoboa pia.
Siku moja unakuta jasho jeusi kwenye chuma,
vumbi limeganda juu yake kama ukoko wa sufuria,
na gari, likivuka tuta dogo tu,
linaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo,
wakati swali limekwisha zamani.

Soksi ya kwanza niliyoshona ilikuwa ya gari la baba.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa na cherehani ya mkopo.
Nikakata tyubu ya lori, nikaipiga nyuzi mara mbili,
nikaibana juu kwa waya, nikaibana chini kwa waya,
hata pumzi isipite. Nikajisifu.
Baba akanipapasa kichwa, akashika njia ya mpaka wa Chile.

Ilikuwa Januari, mvua imeligeuza jangwa kuwa mbingu ya pili,
magari yanakanyaga mawingu na maji yanayouma.
Akarudi akivutwa na trekta.

Nilipoichana ile soksi kikamwagika kikombe kizima:
maji ya chumvi, tope, kokoto ndogo kama punje za kinoa.
Vilikuwa vimeingia, hata leo sijui kupitia wapi,
na mimi ndiye niliyevifungia mlango.
Mle ndani vilikuwa vikisaga fimbo usiku na mchana,
msasa usiodai mshahara.
Baba hakusema kitu. Alipitisha ukucha juu ya chuma
nami nikasikia: krrr.

Tangu hapo soksi zangu zina mdomo.
Juu nafunga. Mbele naongeza ngozi ya lama,
maana tairi la mbele hurusha kokoto kama lina kisasi.
Lakini chini, upande wa nyuma, naacha upenyo wa vidole viwili.
Kilichoingia kiijue njia ya kurudi.

Na jioni, Eleuterio, ifungue, uioshe kwa maji ya kopo,
siyo ya presha;
presha husukuma uchafu palepale ulipokatazwa.
Kisha kitambaa cha pamba, kisafi,
hata fulana ile ya harusi ya Nemesio,
kwani utaivaa tena?

Anacheka. Anauliza kama na yeye nimemwachia upenyo.
Simjibu. Nina pini mdomoni.

Nakata uzi. Nashusha jeki.
Gari linakaa juu ya miguu yake, linashusha pumzi,
naye anaondoka bila kuaga vizuri, kama kawaida yake,
mkono nje ya dirisha, vumbi likimfuata kama deni.

Nabaki mlangoni, sindano kwenye kola,
mpaka afike kwenye reli ya zamani.
Nasikia gari likivuka.
Ndiyo, linasema. Mara moja.
Halafu linanyamaza.