Wingi wa Tanga

Zoezi la nne: andika wingi, kisha tunga sentensi.
Nanga, kasia, mlingoti, tanga.
Madaftari arobaini na moja juu ya meza ya jikoni,
umeme umekatika Chumbageni nzima,
mshumaa umesimama ndani ya kifuniko cha kopo.

Shekue kaandika: *Tanga ni mji, hauna wingi.*
Nikacheka, nikampa nusu.
Mwanaidi: *Matanga ya meli yamechanika.*
Meli haina tanga, mwanangu. Lakini wingi ni sawa.

Kisha daftari la Kidelo, lile lenye jalada la gazeti:
*Matanga ya baba yalivunjwa Ijumaa.*

Kalamu nyekundu ikasimama.
Niliuliza kitambaa, nimejibiwa kilio.

Bibi yangu wa Tongoni alishika kuwa ni neno moja:
zamani tanga lilisukwa kwa ukili,
mkeka tu uliokubali upepo,
na nyumba ikifiwa, mikeka isipotosha,
huteremshwa lile la chomboni, likatandikwa ukumbini,
watu wakalilalia siku tatu
lingali na chumvi.
Kamusi yangu haimuungi mkono. Imeyatenga,
moja, mbili, kama majirani walionuniana.
Sijui. Bibi naye alikuwa na uongo kidogo,
hasa akiulizwa umri.

Kesho yake nikaenda Barabara ya Kumi na Nne.
Turubai limekwisharudishwa kwa mwenyewe
(nalo, nasikia, jina lake lilishuka melini
likalowea huku, kwenye arusi na misiba).
Yamebaki mashimo ya nguzo mchangani.
Mama Kidelo anayafukia kwa kisigino,
polepole, kama yanauma.

"Kakosea nini, mwalimu?"
"Hajakosea."
"Maana tangu Ijumaa anatanga tu.
Ndani hakai, kibarazani hakai."
Anatanga.
Hilo sikuwa nimelitia kwenye zoezi.

Mtoto akatokea na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda.
Nikampa daftari lake. Akaiona alama ya vema,
na chini yake swali nililoliandika usiku, kwa mazoea ya kazi:
*Umoja wake?*

Akalisoma kwa midomo.
Akaweka chupa chini, akafuta mikono kwenye kaptura.
"Mwalimu, haya hayana umoja."

Nikamkumbuka Shekue.
Jumatatu nimwongezee ile nusu yake.