Mpini wa Kimo Changu

Miaka kumi na mmoja nimeinamia chumvi Gongoni,
nakokota reki kwenye maji yaliyokufa,
jua juu, jua chini,
na jua la chini ndilo kali,
linakupiga usoni kutoka kwenye weupe.
Uti wangu ukakubali kuinama,
kisha ukakataa kuinuka.

Kwanza nilikuwa mteja wa kioski cha Mwambire.
"Nipe za mgongo," nasema, naye hata haulizi,
anakata kwa mkasi: mbili za asubuhi, mbili za usiku,
anazifunga kwenye kipande cha gazeti
kama anayefunga pilipili manga.
Nilimeza. Nilimeza hadi tumbo likapiga kelele
kwa niaba ya mgongo,
nikawa wagonjwa wawili ndani ya gauni moja.

Malindi, hospitalini, chumba cha mwisho ukipita cha meno,
nikamkuta Bi Rukiya Shee, mfupi, mikono ya mwashi.
Nikajua ataandika. Hakuandika.
Alisukuma ndoo tupu kwa mguu:
"Iinue, nikuone."
Nikaiinua.
"Tena. Sasa kama ina chumvi."
Nikaiinua kama ina chumvi,
akafumba macho kama aliyeumia yeye.

"Nyevu, wewe huinui, wewe unang'oa.
Magoti unamwekea nani akiba? Chuchumaa.
Mzigo uje kifuani kama mtoto anayenyonya,
usiunyooshee mikono kama unaouogopa."

Akanilaza mkekani. Goti moja kifuani, hesabu ishirini.
La pili. Kisha kwa viganja na magoti:
mgongo juu kama paka aliyeona mbwa,
mgongo chini kama kitanda cha kamba kilicholegea.
Nikacheka. Kucheka nako kuliuma.
"Na ukiumwa usilale kutwa. Tembea.
Mgongo ni bawaba, adui yake kutu.
Ila mguu ukifa ganzi, au haja ndogo ikigoma,
usiningoje hadi Jumatano; njoo usiku huohuo."

Nyumbani mavyaa wangu, Mbodze, alichungulia chumbani:
"Kumbe mke wa mwanangu amekuwa mbuzi."
Lakini ndiye aliyekaanga chumvi kavu kikaangoni,
akaifunga kwenye pindo la leso kuukuu,
akanikanda kiuno, polepole,
huku akilalamikia bei ya unga.
Chumvi ileile!
Iliyonivunja mchana ikanibembeleza usiku.
Sikujua niishukuru au niitukane.

Wiki ya sita. Maumivu hayakuhama,
yamejifunza tu kubisha hodi.
Zamani yalikuwa na ufunguo.

Siku ya mwisho, akinifungulia mlango, Bi Rukiya aliuliza:
"Mpini wa reki yako unakufika wapi?"
Nikamwonyesha: hapa, chini ya kitovu.
Akanitazama tu.
Jibu nililipata njiani, Mambrui imeshapita,
nikalipeleka moja kwa moja kwa Kenga seremala.
Mpini wa mvinje, laini, unaonifika kidevuni.
Shilingi mia mbili na hamsini,
pesa ya vidonge vya wiki tatu.

Nyapara alikuja na daftari lake:
"Reki ya kampuni haiongezwi."
Nikamwambia meno ni ya kampuni, mpini ni wangu,
na mgongo sikumbuki kuuwekea sahihi.
Akaguna. Akaenda kumfokea mwingine.

Jumatatu Sidi Karisa akaja na wake.
Kufika Alhamisi tulikuwa saba,
na mara ya kwanza kwa miaka mingi
tukaweza kusengenyana tukitazamana usoni.

Jana, saa ya chai, nimemwona nyapara
akidhani hakuna mtu:
mkono mmoja ameshika kiuno,
wa pili ameshika reki yangu,
anaipima kidevuni pake.