Mia Nane

Saa tisa usiku, Donholm, stima imerudi
na jokofu la jirani limeguna ukutani.
Nafunua kipakatalishi cha kazi.
Kinaamka kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni:
taa kwanza, kisha feni, kisha kioo,
kisha saa ya pembeni, inayodanganya.

Siku ya tatu hii naiwinda hitilafu.
Nimeichora nyuma ya pakiti ya unga,
maana daftari liko chini ya Moraa
na Moraa amelala.

Mambo ni haya. Kabla ya usingizi
kichakataji kilikwenda elfu mbili na mia nne.
Mfumo ukaiandika nambari, ukaiamini, ukafumba macho.
Lakini bodi ikizinduka ina hesabu zake,
za kiwandani, za kubania betri:
inaiamsha chipu kwa mia nane
na haimwambii mtu.

Basi mfumo unahesabu mapigo kama jana.
Unasema, imepita milisekunde moja. Kumbe tatu.
Kadi ya sauti inangoja, mtandao unangoja,
mlio wa kukaribisha unatoka
kama ng'ombe mwenye uchungu wa kuzaa,
na kila kitu humo ndani kinaapa kiko sawa.

Jumatatu nilirudi ofisini, Upper Hill, ghorofa ya saba,
miezi mitatu tangu nijifungue.
Mutinda akanipa mkono na kadi mpya ya mlango.
"Kerubo! Tuendelee pale tulipoachia."
Akafungua orodha. Kazi kumi na nne.
Saa nne na nusu maziwa yakailowesha blauzi
katikati ya sentensi yangu kuhusu seva.
Nikavaa koti. Baridi ya Julai ina fadhila zake.
Nikasema niko sawa.

Tiba si ndefu. Mistari kumi na mmoja.
Ukiamka, kabla hujagusa chochote,
iulize chipu: unakwenda kasi gani sasa?
Usisome ulichoandika jana. Uliza.
Jibu likiwa jingine, watangazie wote,
saa ijipime upya, sauti ijipime,
ndipo kazi ianze.
Kupanda mtapanda, ikibidi, ngazi kwa ngazi.

Moraa hana shida hiyo. Yeye huamka
na kasi yote, mdomo wazi, miguu juu,
hana kumbukumbu ya jana ya kumponza.
Namtia begani. Nachapa kwa mkono mmoja,
nasahau nukta mkato, narudia,
ananicheulia shingoni, narudia.

Nafunga kifuniko. Nahesabu hadi ishirini.
Nje mlinzi wa geti anakohoa,
lori la mchanga linabadilisha gia mlimani.
Nafungua.

Kimya. Kirefu kidogo kuliko kawaida,
kama mtu anayejipapasa mifuko kabla ya kutoka.
Kisha mstari mmoja, mweupe juu ya weusi:
kasi ya awali 2400, kasi ya sasa 800.

Mia nane. Haya.

Naigeuza pakiti, vumbi la unga laniangukia pajani.
Upande uliobaki naanza barua kwa Mutinda,
naikata, naanza tena,
safari hii naanzia na nambari.