Mpishi wa Nzi

Kabla hujaniuliza, Pirgit, vua kwanza hilo koti lenye theluji,
lining'inize mbali na jiko.
Nzi hawapendi baridi, na mimi sipendi sakafu yenye maji.

Haya. Unga wa mahindi, hamira, molasi, agari ya kugandishia;
sufuria ya lita kumi na mbili, kila Jumatatu na Alhamisi,
miaka ishirini na saba.
Cheti changu ni cha ufundi, cha mwaka mmoja na nusu,
na katika ghorofa hii yote ya madaktari
ni mimi peke yangu mwenye ajira ya kudumu.
Cheka ukipenda. Wao hawacheki.

Profesa atakuonyesha ule mchoro wa ukutani:
mshale kutoka shahada hadi uzamili,
kutoka uzamili hadi uzamivu,
na mshale wa mwisho unaelekea kwenye kiti chake yeye.
Kiti ni kimoja.
Amekikalia tangu nikiwa na meno yangu yote.

Neno lenyewe, uzamivu, lingetosha kukuonya.
Wanazama, mwanangu. Nimewaona.
Miaka minne, mitano, ndani ya jeni moja ya bawa moja,
wakihesabu vinyweleo saa nane za usiku
huku Emajõgi imeganda nje,
na siku wanapopata kitu wanakuja kunikumbatia mimi
kwa kuwa hakuna mwingine aliye macho.
Kuzama wanafundishwa. Kuibuka, kila mtu na pumzi zake.

Taavet aliibukia kiwanda cha bia.
Anapima hamira, hamira ileile, na amenunua nyumba yenye sauna.
Profesa humtaja kama marehemu.
Joosep alijifunza kompyuta ili ahesabu nzi;
benki ikamwona, sasa anahesabu wadaiwa.
"Ni hesabu ileile, Urve," aliniambia. Hakuniangalia.

Siim bado yupo. Ule mlango wa tatu.
Mkataba wa nne huu, inang'oka kama meno ya maziwa.
Mkewe yuko Tampere, mtoto anamwona kwenye kioo cha simu.
Ana akili kuliko wote niliowapikia.
Kila Machi anangoja barua ya ruzuku,
na Machi hiyo mkono wangu huwa mzito wa molasi,
kana kwamba nzi walioshiba watamwombea.

Sikutishi. Subiri, inachemka, punguza moto.

Liisbet nilimlilia.
Alikuwa na mikono! Angemlaza nzi chini ya hadubini
kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.
Fedha zikaisha mwaka wa tatu,
akaenda kufundisha shule ya msingi kisiwani Saaremaa.
Nikasema basi, maji yamemwagika.
Vuli iliyopita nikapata barua:
"Urve, nina watoto ishirini na wawili na mitungi ya jamu.
Nzi wanakufa siku ya sita. Nakosea wapi?"
Maji mengi, nikamjibu. Na usifunike uji ungali moto.
Akaleta picha. Mitungi dirishani, majina kwenye plasta,
na kitoto kimoja chenye pengo kimemkodolea nzi mwenye macho meupe
kama kilichomfumania Mungu akikosea.

Hiyo nayo tuipime vipi? Mizani yake hatuna humu ndani,
na tuna mizani inayopima vumbi.

Njia usiniulize mimi, mpishi.
Jifunze takwimu. Jifunze kuandika barua isiyolia.
Uliza leo fedha zako zinaisha lini,
na ukijibiwa kwa tabasamu, uliza tena.

Mwakani nastaafu. Tangazo la nafasi yangu limeshabandikwa chini;
walioomba ni tisa, sita wana uzamivu.
Siim ni mmoja wao. Hajui kwamba najua.

Haya, shika mwiko.
Koroga hadi chini kabisa, usibanduke hapo:
uji huu ukiupa kisogo tu, unaungua.