Saa Nne Hadi Saa Tisa

Miaka kumi na mmoja nimesaga mahindi ya watu pale Kibuye,
debe baada ya debe, mkanda ukizunguka,
mashine ikinguruma hata wateja nawasoma midomo:
"Laini, Dorka." "Yangu paraza tu, ni ya kuku."
Kope nyeupe. Kifua cheupe. Masikioni, pumba.

Basi Agosti mkanda ulipokatika na fundi akaomba siku nne,
sikumngoja. Nilifunga leso mbili na kitabu nisichokisoma,
nikavuka hadi Mfangano kutafuta mahali pasipo na sauti.

Bwana Salmon, mwenye nyumba ya wageni, alicheka:
"Ufuo mtulivu? Tunazo fuo tele, dada. Chagua."

Wa kwanza ulikuwa mweupe kweli, mchanga kama unga wa gredi ya kwanza,
lakini juu yake, toka mtumbwi hadi mtumbwi, vyandarua vya omena,
vijifedha elfu na elfu vikianikwa,
na wanawake wakivigeuza huku wakichambua ndoa ya mtu
kwa undani ambao, nakiri,
niliketi kuusikiliza mpaka mwisho.

Wa pili, wanaume walikuwa wanaoga.
Nilitazama mlima. Nilitazama mlima kwa bidii sana.

Wa tatu ulikuwa na redio.

Wa nne, mchungaji alikuwa anabatiza watu kumi na saba,
kila mmoja akiibuka majini na ukelele wake,
na nani atamwambia aliyeokoka dakika hii anyamaze?

Siku ya tatu nikaupata.
Nilipita nyuma ya mkuyu, nikashuka mawe kwa makalio kama mtoto,
na hapo chini palikuwa na kipande cha mchanga kisichozidi ua wa shule,
bila unyayo hata mmoja. Jua limelala kifudifudi juu ya maji.
Furukombe mmoja juu ya tawi kavu,
karani asiye na faili.

Nikaketi. Nikasikia nini?
Mashine.
Ndani ya fuvu, mkanda uleule, gurudumu lilelile,
ikisaga bila mahindi, ikijisaga.
Nililia kidogo. Nani angeniona?

Aliniona Okelo, miaka tisa hivi, ndoana begani,
amesimama juu ya jiwe, macho yamemtoka.
"Mama, unajua mbona hapa hapana watu?"
Akaelekeza kidole kwenye matete.
Matete yakapumua.
Masikio mawili, madogo mno kwa mwili ule,
yakatikisika, yakatulia.

"Huyo ndiye mwenyewe. Usiku anatoka kula, alfajiri anarudi na hasira.
Saa nne hadi saa tisa analala. Hapo hana neno.
Ila usicheke kwa sauti."

Saa yangu ilisema saa sita na robo.
Nimewahi kukodi chumba, jenereta, viti vya plastiki vya matanga.
Sijawahi kukodi kimya kwa kiboko,
masaa mawili na dakika arobaini na tano,
bila risiti.

Okelo alitafuna muwa wake polepole, kwa adabu.
Mimi nilikaza sikio kwenye matete,
kwa woga tu, nieleweke, si kwa hekima,
nikimfuata mwenyewe akivuta pumzi, akishusha,
akivuta,
akishusha,
na sijui ni lini hasa
mkanda ulichomoka kwenye gurudumu.

Saa nane na nusu mtoto akanigusa bega.
Tulipanda viatu mkononi. Huko nyuma
maji yalifunguka kama mlango wa ghala.

Jumatatu fundi alikuwa ameshafunga mkanda mpya, mkali.
Foleni ilifika hadi kwa wauza mitumba.
Nikasaga. Ninasaga.
Ila siku nyingine, jua likisimama juu ya mabati, nazima swichi,
nafuta kope, nasikia debe likiwekwa chini, mtu akikohoa.

"Stima imepotea?" wanauliza.

"Hapana," nasema. "Wekeni vitu polepole.
Kuna mtu amelala."